Siku ya tatu ya zege

SWALI: Mjomba, shikamoo. Nina miaka 23 na stashahada ya uhasibu. Nimetafuta kazi mwaka mzima bila mafanikio, sasa nimeingia kibarua cha saidia fundi. Siku ya kwanza nilipiga koleo hadi wazoefu wakanishangaa. Siku ya tatu nilishindwa hata kufunga vifungo vya shati, viganja vimejaa malengelenge, na mzee wa rika la baba alikuwa akinipita na karai la zege kama hana mzigo. Jana sikwenda. Baba anasema vijana wa leo hatupendi kazi. Je, mimi ni mvivu?

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Hapana, wewe si mvivu. Mvivu hawashangazi wazoefu siku ya kwanza.

Nilibeba zege miaka miwili kabla ya kushika kalamu, na kosa lako nalijua kwa sababu nililifanya: ulipiga koleo kwa mikono. Ukirudi, mtazame yule mzee anapochanganya. Hachomi lundo kwa juu. Analitelezesha koleo chini kabisa, sakafuni, na paja ndilo linalousukuma mpini. Mkono wa mbele unakaa karibu na bapa. Akigeuka, anageuza miguu, kiuno hakipindiki. Wala hajazi koleo hadi limwagike. Mimi nilifundishwa hayo na fundi aliyeninyang'anya koleo bila neno, akachota mara kumi polepole mbele yangu, akanirudishia.

Halafu ujue mwili wako. Misuli isiyozoea huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi, kwa hiyo siku ya tatu ilikukuta pabaya kuliko zote. Malengelenge usiyapasue, ile ngozi ya juu ndiyo kinga ya kidonda. Saruji mbichi inaunguza ngozi, ikiingia kwenye lengelenge lililopasuka utalia. Vaa glovu, na saruji ikikugusa osha mara moja kwa maji mengi safi.

Wapo watakaokupima uanaume kwa kukubebesha mifuko miwili kwa mpigo. Kataa. Mfuko mmoja ni kilo 50, na Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo anaobeba mwanamume mzima usizidi kilo 55. Kuulinda mgongo si uvivu, na nakuomba sana usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Sasa niruhusu nikuulize jambo, maana stashahada umeitaja kabla ya kazi yenyewe. Jana ulizuiwa na viganja tu, au na macho ya watu pia? Mimi nilikuwa najificha nyuma ya lundo la kokoto kila nilipowaona niliosoma nao wakipita. Nilichoka kwa kujificha kuliko kwa kubeba. Siku moja mmoja wao aliniona, akanisalimia, akaniuliza kama pale wanahitaji mtu mwingine. Alikuwa hana kazi miezi minane.

Baba usibishane naye. Mfungulie viganja avione, umwambie unarudi lini. Huenda anaogopa tu kwamba umekata tamaa, na hofu ya mzazi mara nyingi hutoka na sauti ya ukali.

Kesho asubuhi nenda kwa msimamizi, mwombe radhi kwa kutofika bila taarifa, umwonyeshe mikono. Kama wamemwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, omba upangiwe kulimwagilia maji. Zege jipya linatakiwa kukaa na unyevu siku 7 hivi ili likomae bila kupasuka, na mara nyingi hakuna anayeigombea kazi hiyo. Utashika mpira wa maji badala ya koleo, na ndani ya siku hizo ngozi mpya itakuwa imeanza kufunga.