Kuhusu nyoka, na kama mimi ni mtu wa matumaini

Ndugu mleta mada ameuliza mambo mawili kwa pamoja: kama tunawaogopa nyoka, na kama kila mmoja wetu ni mtu wa kutarajia mema au wa kutarajia mabaya. Wengi waliotangulia wamejibu kila swali kivyake. Mimi siwezi kuyatenganisha, kwa sababu yote mawili niliyajibu jioni moja ya mwezi Agosti, mwaka 2011, katika shamba letu la mahindi huko tambarare, kusini mwa mji wa Moshi.

Wasiotoka kwetu waelewe kwanza jinsi tunavyoishi. Nyumba yetu iko Old Moshi, mlimani, ndani ya kihamba chenye migomba na kahawa, lakini kama familia nyingi za mlimani tuna pia shamba la chini, ambalo wazee huliita porini ingawa pori lenyewe lilikwisha zamani. Baada ya mavuno, mabua na majani hukatwa yakapandishwa mlimani kuwa chakula cha ng'ombe, maana ng'ombe wetu hufugwa zizini na hawaendi malishoni. Kazi hiyo ni ya wanawake tangu zamani, na kwa hiyo habari za nyoka nyumbani kwetu zilikuwa habari za wanawake. Wanaume walizisimulia tu, tena kwa kumwongezea nyoka urefu.

Mama alikuwa mtu wa matumaini kupita kiasi. Aliingia majanini na kandambili, akisema kwamba nyoka naye ana shughuli zake. Baba mdogo alikuwa kinyume chake kabisa: mvua ikichelewa alitangaza njaa, ikiwahi alitangaza mafuriko, na hakukanyaga shambani bila gambuti, tochi na fimbo ndefu ya kupigapiga majani mbele yake. Tulimcheka. Mimi nilimfuata mama, wala si kwa sababu nilikuwa na imani kama yake, bali kwa kuwa matumaini ni ya bure na gambuti zinauzwa.

Jioni ile nilikuwa nikiinua mzigo wa mabua uliokuwa umelazwa chini tangu jana yake. Kifutu, ambaye vitabu humwita pia bafe, ana tabia moja ambayo kila mkata majani anapaswa kuijua: mara nyingi hakimbii anapohisi hatua za mtu. Rangi yake ni ya majani makavu, naye huitegemea rangi hiyo, akatulia tuli akingoja upite. Mimi sikupita, nilimkanyaga. Aliniuma juu kidogo ya kifundo cha mguu, na maumivu yake yalikuwa kama ya kaa la moto lililotiwa ndani ya nyama.

Mama alisema nitulie, Mungu yupo, na jirani ana jiwe jeusi la kunyonya sumu. Mtu mwingine alikuwa ameshakata kamba ya katani ili aufunge mguu kwa nguvu. Baba mdogo, ambaye nadhani alikuwa amelingoja tukio hilo miaka yote, ndiye peke yake aliyekuwa amejiandaa: aliikataa kamba, akanivua kikuku kabla mguu haujavimba, akampigia kijana wa bodaboda ambaye namba yake alikuwa nayo tayari, kisha akanipakia kati yake na dereva. Njiani aliniuliza kwa upole kama nina deni lolote ambalo familia inapaswa kulijua.

Hospitali nilitundikiwa dripu ya dawa ya kupambana na sumu, na daktari akanieleza mambo ambayo laiti ningeyajua mapema. Sumu ya kifutu huharibu nyama, na kwa kawaida haiui upesi kama ya koboko, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu hadi mtu akashindwa kupumua. Kamba ingeibana sumu mahali pamoja na kuuozesha mguu zaidi. Lile jiwe jeusi, ambalo mara nyingi ni kipande cha mfupa uliochomwa, halivuti chochote.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona, na katika miezi hiyo mizani iligeuka. Baba mdogo alikuja kila siku, akautazama mguu wangu kama mtu anayeaga. Mama alikuja na mtori, akazungumzia harusi ya Desemba na viatu nitakavyovaa. Bila baba mdogo nisingefika hospitali kwa wakati, hilo sina shaka nalo. Lakini kwa uso wake peke yake nisingeweza kuvumilia hata wiki moja ya kusafishwa kidonda.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa miaka miwili hivi nilishtushwa hata na mpira wa kumwagilia bustani. Nilichoamua baadaye ni kuwasoma nyoka, na humo nikakutana na makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele: watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 hudhurika kwa sumu. Mama aliposomewa alisema, unaona, nusu nzima wanasalimika. Baba mdogo aliuliza wanaokufa ni wangapi. Ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni takribani mara tatu ya hao.

Basi jibu langu ni kwamba kwa majani natarajia mabaya, kwa nyoka mwenyewe natarajia mema. Gambuti ninazo jozi mbili, na usiku sitoki bila tochi hata kwenda chooni. Ila nyoka nikimwona waziwazi, sina tena chuki naye.

Au ndivyo ninavyojiambia. Mwezi uliopita ukukwi, yule nyoka mwembamba wa kijani asiye na madhara kwa mtu, alionekana kwenye mgomba nyuma ya jiko. Nilianza kumweleza kijana wetu wa kazi kwamba huyo hula vyura na amwache aende zake, lakini kabla sijamaliza sentensi panga lilikuwa limeshashuka. Nilimgombeza sana, na muda wote nilipokuwa namgombeza nilihisi mabega yangu yakilegea kwa nafuu.