Maswali ya wasomaji: fremu za ikona zenye dhahabu

SWALI: Fremu ya ikona ya Mama wa Mungu kanisani kwetu ni ya mbao ya kuchonga, imepakwa dhahabu, na imeshika masizi ya mishumaa na ubani. Seremala anataka kuiosha kwa maji ya sabuni, halafu tuipake rangi ya dhahabu ya kopo kabla ya Pasaka. Tumruhusu? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Hapana, aweke ndoo chini kwanza. Chini ya dhahabu ya kazi nzuri kuna jeso, yaani unga wa chaki uliokorogwa na gundi ya ngozi ya mnyama, na juu ya jeso udongo laini mwekundu. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Kitambaa kibichi kikipita mara moja tu, migongo ya nakshi hubaki myekundu. Dhahabu imeondoka na kitambaa.

Toeni ikona ndani ya fremu, kisha mjaribu ubavuni, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Viringisheni kijiti cha pamba chenye mate kidogo. Pamba ikishika wekundu au vimeta, maji ni marufuku. Isiposhika kitu, huenda dhahabu ilibandikwa kwa mafuta, au imefunikwa kwa shelaki (vanishi ya utomvu wa wadudu), au ni rangi ya kopo. Hii ya kopo hujifichua yenyewe: ni unga wa shaba na zinki, na baada ya miaka hugeuka kahawia au kijani mabondeni mwa nakshi. Kwa hiyo lile kopo lirudisheni dukani, hata kamati ikinuna.

Vumbi litolewe kwa brashi laini. Nta ibanduliwe kwa kijiti cha mwanzi, mabaki yake yafutwe kwa pamba yenye waiti spiriti (kiyeyusho cha rangi ya mafuta) kidogo. Viringisha, usisugue, na pamba ikichafuka itupe.

SWALI: Jeso inabanduka, na jani moja la mzabibu limekatika konani. Vifaa tutavipata hapa Uganda? (Fundi, Mbale)

JIBU: Vingi vipo. Badala ya gundi ya ngozi, tumia jelatini isiyo na sukari wala ladha, ile ya waoka keki. Kwa kubandika magamba yaliyoinuka, loweka gramu 5 katika mililita 100 za maji baridi kwa saa moja, kisha pasha chombo ndani ya maji moto, isizidi nyuzi 60. Ikichemka, nguvu yake imekwisha. Ipenyeze kwa brashi nyembamba, funika kwa nailoni, bonyeza polepole.

Jeso mpya inataka gundi nzito zaidi: gramu 10 kwa mililita 100, na unga wa chaki gramu 150 hivi, uliochekechwa na kunyunyizwa bila kupigapiga, maana mapovu huacha vitundu. Chaki ya ubaoni mara nyingi ni jasi, si chaki halisi. Idondoshee siki: ikitoa povu, ni chaki kweli. Paka tabaka 6 hadi 8 nyembamba. Tabaka nene hupasuka, za juu zikiwa na gundi kali kuliko za chini hupasuka pia, na kuanika juani huharibu zote. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, kila tabaka huchelewa kukauka na gundi huota ukungu, basi koroga ya kutosha siku moja tu.

Jani lichongwe kwa mbao laini ya musizi iliyokauka vizuri. Mvule ni mgumu, na mafuta yake huchelewesha vanishi. Nyuzi za mbao zifuate mwelekeo wa zile za zamani, la sivyo kiungo kitafunguka.

SWALI: Fremu ya sentimita 60 kwa 80, upana wa ubao 7, itakula dhahabu kiasi gani ikipakwa upya? (Gulu)

JIBU: Uso wake ukiwa bapa ni kama sentimita 1,760 za mraba, nakshi nzito huongeza karibu nusu. Dhahabu huuzwa kwa vitabu vya karatasi nyembamba: kitabu kimoja cha karatasi 25, za sentimita 8 kwa 8, kina 1,600, na robo hivi hupotea kwenye mipishano na upepo. Nunua vitatu. Karatasi za shaba ni za bei nafuu, lakini zipake shelaki siku hiyohiyo zinapokauka, kabla vidole havijazigusa.