Kiu ya saa mbili usiku

Mwanaume anapoletwa kwangu kwa ushauri na mke wake, ombi la kwanza la mke ni lile lile: "Mama, umwambie aache pombe." Ninamwelewa. Pesa ya chakula inaishia nganda, kwenye baa, na watoto wamezoea kulala kabla baba hajarudi. Lakini siku hiyo simwambii mtu aache chochote. Ninamuuliza mgonjwa: papa, kiu inakushika saa ngapi?

Mwendesha pikipiki mmoja wa hapa Goma (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane) alijibu papo hapo: saa mbili usiku. Mchana kutwa anabeba abiria bila kugusa pombe. Giza likiingia, lori zito likapita ardhi ikatikisika, mwili wake unarudi jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, anga likawa jekundu, akakimbia na watoto wawili. Wa tatu akapotea kwenye umati. Mtoto alionekana kesho yake, ni mzima mpaka leo. Mwili wa baba yake ndio haujapata habari hiyo bado. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ilikuwa ikiunyamazisha. Kwa wengine ninaowapokea, kinachorudi ni milio ya risasi ya Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji.

Shida ni kwamba pombe inaleta usingizi haraka, kisha ikipungua mwilini usingizi unakatika na ndoto mbaya zinapata nafasi. Saa nane usiku bwana huyu alikuwa anaamka amelowa jasho, anapiga ngumi hewani. Usiku mmoja ngumi ilimpata mke wake, naye akahamia kitanda cha watoto. Yeye akaona amechukiwa, akazidisha kunywa. Hapo utatenganishaje ulevi, hofu na ndoa?

Miaka yangu ya kwanza ya kazi niliamini mtu akisimulia yote anapona. Nikamsukuma mama mmoja aeleze kila kitu siku ya kwanza. Alisimulia saa nzima akitetemeka, nami nikajiona nimefanya kazi. Hakurudi tena. Ndugu yake aliniambia alikunywa siku tatu mfululizo. Jambo hilo linaniuma hadi sasa, na ndilo lililonifundisha kuanza na utulivu: kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, kutoa pumzi polepole, kushika kitu cha baridi, kusema kwa sauti, "Leo ni Jumanne, niko nyumbani, huyu ni mtoto wangu." Majuma yanapita ndipo tunagusa kisa chenyewe, na mwenye kisa akisema tuishie hapo, tunaishia hapo.

Na wewe mwenye ndugu anayekunywa, punguza kumhubiria. Ukimshambulia, ataitetea chupa. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, aliandika juu ya namna ya kuzungumza na mlevi mpaka sababu za kubadilika zitoke kinywani mwake mwenyewe. Mimi huuliza pombe inamsaidia nini, halafu imemwondolea nini. Swali la pili hujibiwa baada ya kimya kirefu. Usikijaze kimya hicho.

Tafadhali, msimfungie chumbani aache kwa nguvu! Anayekunywa sana kila siku akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege ndani ya siku chache za mwanzo, na wengine hufa. Aanzie hospitali, apewe dawa, aangaliwe. Mimi pia ninasali, lakini mtu wa namna hiyo mwombeeni akiwa kwenye kitanda cha hospitali.

Mke ninaongea naye peke yake kwanza, nimuulize kama anapigwa. Kama anapigwa akiwa macho, siwakalishi pamoja. Tunatafuta kwanza pa kumlinda yeye na watoto. Maumivu ya mume yanaeleza mengi, ila hayampi ruhusa ya kupiga.

Kwa mwendesha pikipiki na mke wake haikuwa hivyo. Walikubaliana wasizungumzie pesa usiku, na ndoto ikija, mke asimshike kabla ya kuwasha tochi na kumwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Jumamosi nyingine mume bado anakunywa, na anakuja kuniambia. Mke amerudi kitandani. Tochi analala nayo chini ya mto.