Karafuu zako zina mafuta, mdogo wangu

Juzi kijana aliye kwenye mafunzo ya vitendo huko Muheza aliniandikia: "Dada, karafuu nimezichemsha masaa manne, mafuta hayajafika hata alama ya kwanza. Nimepunjwa sokoni?"

Hukupunjwa. Kifaa ulichotumia ni cha iliki.

Clevenger, yaani kifaa cha kioo cha kuchemshia viungo na kupimia mafuta yake, zipo za aina mbili. Mafuta ya iliki huelea juu ya maji. Ya karafuu yamejaa yujenoli, kemikali iliyo nzito kuliko maji, huzama. Kwenye kifaa cha mafuta mepesi, maji hurudi kwenye chupa yakitokea chini, na mafuta yako huondoka nayo. Tafuta cha mafuta mazito. Ukikosa, pima karafuu gramu 4 tu, tia zailini, kimiminika chepesi kuliko maji, mililita 0.5 kwenye mrija wenye alama. Zailini huyashika mafuta yakabaki juu. Mwisho uitoe kwenye hesabu. Na usikaribishe moto wa wazi, zailini inawaka!

Haya niliyajua wakati wengine wananicheka. Katika maabara moja hapa Tanga, sitaitaja, nilipima gunia la mfanyabiashara nikapata mililita 12 kwa gramu 100. Karafuu nzuri hutoa 15 na zaidi. Mkubwa wangu akasema mbele ya mteja kwamba namba nimezipika. Sikujibu. Nilimwaga mezani sampuli niliyoichota chini ya gunia, nikaanza kuchambua: karibu nusu ni makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu! Juu walifunika karafuu safi. Makonyo mafuta yake hayazidi sana theluthi ya karafuu yenyewe, hesabu ikakubali. Mteja alinishukuru. Mkubwa alikwenda kunywa chai, na mpaka leo hajaniambia pole.

Basi ninyi mnaotaka majina yenu yaaminiwe, choteni juu, kati na chini ya gunia. Sageni wakati huohuo wa kupima, kwa muda mfupi, kinu kisipate joto. Harufu mnayoisikia chumba kizima ndiyo mafuta yanayopotea. Choteni juu, kati na chini, narudia, maana wavivu mpo.

Na unyevu msiupime kwa oveni ya nyuzi 105. Mafuta nayo huruka humo, nanyi mtayaandika kuwa ni maji. Chemsheni karafuu ndani ya toluini, kimiminika kisichochanganyika na maji, maji yakusanyike peke yake kwenye mrija, yasomwe kwa mililita.

Kijana wa Muheza, rudia, kisha nitumie namba zako.