Mkono Uliozoea Mwendo: Ushauri kwa Mchora Katuni Anayetaka Kutoa Kitabu

Vijana wanaochora filamu za katuni huniuliza mara kwa mara kama inawezekana kuhama kutoka studio na kuanza kutoa riwaya za picha, yaani vitabu vya hadithi ndefu zinazosimuliwa kwa michoro. Kila ninapoulizwa humtaja Mfaransa Cyril Pedrosa, kwa kuwa njia aliyopita inaonyesha wazi ni kipi cha kubeba na kipi cha kuacha. Mimi mwenyewe nilichora katuni za matangazo ya televisheni kwa miaka kadhaa kabla ya kugeukia hadithi za kuchapishwa, na mengi ninayoyasema hapa niliyaelewa kwa kukaa na vitabu vyake mezani, penseli ikiwa mkononi.

Pedrosa alizaliwa Poitiers mwaka 1972, katika familia yenye asili ya Ureno. Alisomea uhuishaji, yaani uchoraji wa filamu za katuni, katika shule ya Gobelins jijini Paris, kisha akafanya kazi katika studio ya Disney iliyokuwa Montreuil, pembezoni mwa jiji hilo, ambako alishiriki kuchora filamu za The Hunchback of Notre Dame (1996) na Hercules (1997). Alianzia chini, kwenye michoro ya katikati, yaani ile inayounganisha mkao mmoja mkuu wa mhusika na mkao unaofuata. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zinazopita mfululizo, na hata pale kila mchoro unaposhikiliwa kwa fremu mbili, bado inahitajika michoro 12 kwa sekunde hiyo moja, pengine mhusika akiwa amegeuza shingo tu. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ya kuchosha na isiyo na jina. Ninawasihi wasiidharau, kwa sababu hapo ndipo mkono unapojua uzito wa mwili ulipo, bega lipi hutangulia mtu anapoinuka, na mgongo hujikunja vipi kwa huzuni.

Ukitaka kuona matunda ya mafunzo hayo, fungua Trois ombres, kitabu cha mwaka 2007 alichokiandika na kukichora peke yake, chenye kurasa zaidi ya 260 za rangi nyeusi na nyeupe. Kilitokana na uchungu wa marafiki zake waliofiwa na mtoto. Vivuli vitatu vinatokea kilimani karibu na nyumba ya familia moja, na baba, Louis, anamchukua mwanawe Joachim na kukimbia naye ili asichukuliwe. Louis ni pande la mtu, naye hahitaji maneno mengi kueleza hofu yake. Mstari unaochora mabega yake unatosha. Mwaka 2008 kitabu hicho kilipata tuzo katika tamasha la vitabu vya katuni la Angoulême, Ufaransa.

Hata hivyo, mazoea ya studio yana mtego wake. Aliyezoea filamu hutaka kuonyesha kila kitu: mkono unaonyanyuka, unaofika, unaoshika. Katika kitabu, mwendo hukamilika katika nafasi iliyo kati ya kisanduku kimoja cha mchoro na kingine, ndani ya kichwa cha msomaji. Zoezi ninalolifanya hadi leo ni kuchora tendo zima kama vile ni la filamu, kwa mfano mama anayemfungulia mwanawe mlango, kisha kuchagua mchoro mmoja tu. Mara nyingi ninaoubakiza si ule wa kukumbatiana, bali ule unaoutangulia, mikono ikiwa bado haijafika.

Jambo jingine ni kutokuwa na haraka ya kuandika hadithi yako mwenyewe. Pedrosa alianza vitabuni mwaka 1998 na mfululizo wa Ring Circus, ulioandikwa na David Chauvel. Kumpata mwandishi mzuri hukupa nafasi ya kujifunza mpangilio wa ukurasa bila kubeba pia mzigo wa kisa. Hadithi iliyo karibu zaidi na ukoo wake, Portugal, inayomhusu mchoraji aliyekaukiwa na mawazo anayerudi kwenye nchi ya wazee wake, ilitoka mwaka 2011, alipokuwa amekwisha kuchora vitabu vingi. Wala kushirikiana si hatua ya wanaoanza tu, kwani riwaya ya picha L'Âge d'or, iliyoanza kutoka mwaka 2018, aliiandika pamoja na Roxanne Moreil.

Simshauri mtu aache kazi kesho. Studio nazo hazidumu, na ile ya Montreuil ilifungwa mwaka 2003, lakini kitabu cha kurasa mia mbili huchukua muda mrefu kabla ya kumlipa mchoraji. Anza na hadithi ya kurasa nane, yenye wahusika wawili na chumba kimoja, uimalize hadi wino na maandishi, kisha umpe mtu asome bila wewe kumweleza lolote, na uangalie ni ukurasa gani anaurudia ili kuelewa. Huo ndio wa kuchora upya kwanza.