Kwa walimu wa michezo wa ajira mpya: karatasi kwanza, jezi baadaye

Kila msimu nakaa kwenye meza ya uhakiki wa wachezaji, na kila msimu naletewa madudu yaleyale na watu wapya. Juzi kijana mmoja, shati limenyooka pasi, kaniletea vyeti vya kuzaliwa vya timu nzima vikiwa picha kwenye simu. Nikamuuliza nakala ziko wapi. "Zote zipo humu, mzee." Simu yenyewe inalia chaji. Nikacheka kwanza, nikagomba baadaye, kisha nikaona afadhali niandike mara moja kuliko kugomba kila mwaka na sura mpya.

Nasema na ninyi walimu wa sekondari zetu za Mtwara na Lindi mliokabidhiwa filimbi kwa sababu moja tu: mlikuwa wadogo kuliko wote ofisini. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, mnaijua; kanda na kombaini, yaani timu teule za shule kadhaa, mnazijua; sitafundisha hayo. Wengine mlikuwa bado wanafunzi mashindano ya taifa yalipofanyika hapa Mtwara 2019 na tena 2021, mkakaa jukwaani Nangwanda Sijaona mkila karanga. Sasa mko upande wa pili wa meza, na upande huu hauna karanga.

1. Soma waraka wa mashindano wa mwaka huu. Ule uliourithi kwenye faili la mtangulizi wako ni wa kufungia vitumbua.

2. Orodha ya wachezaji huanzia kwenye rejesta ya mahudhurio. Ninyi mnaanzia uwanjani: mnaona kijana ana mguu, mnamwandika, halafu ndiyo mnatafuta kama ni mwanafunzi. Nimeshakaa na kesi nyingi za mamluki, na niwaambie, mamluki wengi hawaletwi na mwalimu mwovu. Wanaletwa na mwalimu mgeni mwenye haraka. Kijana alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, hana kazi, jioni anakuja kupiga mpira na wadogo zake, kila mtu anamwita kwa jina la utani. Wewe umeripoti Februari, utajuaje? Utajua ukifungua rejesta.

Na msidhani hii ni ya mpira wa miguu peke yake. Kwenye sanaa ndiko kuna vituko. Iliwahi kuja ngoma ya sindimba, watoto wamevaa vizuri, wanacheza hadi viongozi wanasimama, na mpiga ngoma mkuu amebanwa na shati jeupe la shule, vifungo vinaomba msaada. Nikamwomba mkono nimsalimie. Kiganja kimekomaa, sugu juu ya sugu, kiganja cha mtu aliyepiga ngoma kwenye majando ya vijiji vyote vya tarafa yake. Nikamuuliza, "Upo kidato gani?" Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatazama juu. Mzee wa watu hakuwa na kosa lolote, aliombwa na akaahidiwa nauli. Nikampa kiti akaangalia ngoma mpaka mwisho, na watoto wakapiga wenyewe. Walipiga vizuri tu! Mwalimu wao hakuwa amewajaribu.

3. Vijeba, yaani waliozidi umri. Hapa msinijie na "kila mtu anafanya". Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa suala la umri, nafasi ikaenda kwa Zimbabwe. Mwaka 2017 ikawa kinyume: shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilimwita kijana wa Kongo-Brazzaville akapimwe umri, hakutokea, CAF ikaiondoa timu yao na sisi tukaenda Gabon. Siku ile tulishangilia kanuni. Basi kanuni ni hiyohiyo ikija kwako wilayani.

Wenzetu wa FIFA tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 nchini Nigeria wanatumia MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono, wanaangalia kama sehemu ya mfupa inayokua imeshafunga. Huku kwetu hatuna mashine ya kumpeleka winga wa Nanyumbu. Tuna cheti cha kuzaliwa, TSM9 (fomu ya taarifa za mwanafunzi kutoka shule ya msingi), namba ya PREM (namba yake ya usajili wa shule) na macho. Kwa hiyo karatasi zikipishana, mtoto wako anaonekana kijeba hata kama ana umri wa halali kabisa. Ambalo linanifikisha kwenye namba nne, na hapo mniruhusu nikae kidogo.

4. Majina. Hili ndilo gonjwa la kusini, na aliyetoka mkoa mwingine halielewi mpaka limng'ate. Mtoto wa huku anazaliwa anapewa jina, zahanati inaliandika. Anakwenda jandoni, anatoka na jina jingine, na lile la utotoni nyumbani halitajwi tena. Bibi anamwandikisha darasa la kwanza kwa jina la ukoo wa mama. Akifika kidato cha kwanza anajaza fomu mwenyewe, anaandika analolipenda. Hakuna aliyedanganya. Lakini mezani kwangu wanakuja watoto watatu ndani ya bukta moja.

Mimi nilikuwa na kiungo wa namna hiyo. Nafundisha Jiografia kwenye shule moja huku uwanda wa Makonde, bado kijana, najiona kocha wa taifa. Yule mtoto alikuwa anacheza kwa kutazama, yaani mpira haujamfikia ameshajua unakwenda wapi. Kombaini ya wilaya ikamchukua. Mwezi Machi nilipokusanya vyeti niliona kabisa kwamba jina la kati kwenye cheti cha kuzaliwa si la kwenye rejesta. Dawa yake naijua, na ninyi mnaijua: mzazi anakwenda kwa hakimu au wakili, anaapa kwamba majina yote mawili ni ya mtoto mmoja, anapewa hati ya kiapo, mnaambatanisha, imekwisha. Baba yake alikuja shuleni na baiskeli, akaniuliza, "Mwalimu, niende lini?" Nikamwambia subiri, nitakuita. Nilikuwa na mechi ya kirafiki siku ile. Akaja tena. Nikamwambia tena subiri.

Sikumwita. Juni ikaingia, safari ya Mtwara kesho asubuhi, na mimi usiku nimekaa na nakala ya cheti mbele ya kibatari. Nikachukua wino mweupe wa kufutia, nikafuta jina la kati, nikasubiri likauke, nikaandika juu yake jina la rejesta kwa mwandiko wa kuigiza karani. Nia yangu ilikuwa niipitishe steshenari itoke nakala safi. Asubuhi umeme haupo, steshenari imefungwa, gari linapiga honi. Nikatia ileile kwenye bahasha.

Tulikwenda vizuri. Mtoto akacheza mpaka watu wakaanza kuulizana ni wa shule gani. Ndipo wilaya moja tuliyoifunga ikaweka pingamizi, na wala hawakuwa na ushahidi wowote, walikuwa na hasira tu. Kamati ikaita mafaili. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, hana makelele. Akashika ile karatasi, akaipapasa kwa kidole gumba, akaona pale pana mwinuko. Akainuka nayo hadi dirishani, akaibandika kwenye kioo. Jua la saa nne la Mtwara mnalijua. Jina la zamani likatokea chini ya weupe, herufi kwa herufi, na langu juu yake.

Akageuka. "Mwalimu, huyu mtoto ni nani?"

Ningeweza kusema ukweli hata pale. Nikasema "ni makosa ya uchapaji". Kwenye maandishi ya mkono, jamani!

Uamuzi haukuchukua muda. Pointi zimeondoka, kiungo ameondolewa, na kombaini yote, watoto wa shule nyingine ambao hata jina langu hawalijui, wakafungasha magodoro kabla ya robo fainali. Uwanja mzima ukaimba "kijeba". Na hakuwa kijeba. Umri wake ulikuwa sahihi, mwanafunzi ni halali, mahudhurio yake mazuri kuliko ya nahodha. Mchafu kwenye faili lile nilikuwa mimi peke yangu. Ndani ya basi, tumeshapita Nanyamba, akanijia kiti cha mbele akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yeye hakusajiliwa shuleni. Alidhani ndiyo sababu. Nilimjibu maneno ambayo siyakumbuki, na nafurahi siyakumbuki.

Siku chache baadaye baba yake akaja na baiskeli yake. Mfukoni ana hati ya kiapo, mhuri mbichi. Alikwenda mwenyewe mahakamani aliposikia, akidhani bado itasaidia. Ilimgharimu asubuhi moja. Mimi nilipata barua ya onyo, nikaiona ndefu, lakini ile hati ya kiapo ndiyo nimeitunza. Ipo kwenye kabati langu mpaka sasa. Mtoto alimaliza shule salama. Mpira wa mashindano hakucheza tena, na nilipomwomba mwaka uliofuata alikataa kwa adabu zote.

Sasa mkiniona nakwaruza karatasi zenu kwa ukucha, mjue nafahamu ninachotafuta. Na mkija na majina yanayopishana bila kiapo, semeni hivyo hivyo: "Yanapishana, mzazi ameshakwenda kuapa." Tutatafuta njia. Wino mweupe hauna njia.

5. Uhamisho wa ghafla wa mchezaji nyota unanuka kutoka mbali. Kama ni wa kweli, vibali vipo, ambatanisha.

6. Masomo. Kuna wakuu wa shule wanapenda kuzuia mchezaji aliyefeli mtihani wa nusu muhula. Hawakuianza wao: Texas, Marekani, tangu 1984 wana sheria ya jimbo kwamba mwanafunzi aliyefeli somo anasimamishwa mashindano mpaka alama zirudi. Wao wana kipindi kilichowekwa, alama zilizotajwa na njia ya kurudi. Sisi mara nyingi tuna hasira za mkuu asubuhi ya safari. Ukitaka kanuni ya namna hiyo shuleni kwako, iandikwe Januari, isomwe mstarini, imguse na mtoto wa mjumbe wa bodi. Kwa upande wangu siipendi sana, nasema wazi. Hapa kwetu korosho zikianza kuanguka madarasa yanapungua, na nimeona vijana ambao kamba pekee iliyowabakiza shuleni ni mazoezi ya saa kumi. Ukiikata hiyo unampeleka shambani na bodaboda. Mahudhurio ndiyo kigezo changu: mtoro wa Machi hawezi kuwa nahodha wa Juni.

7. Nidhamu ya kambini. Timu ya wasichana haisafiri bila mwalimu wa kike, na simaanishi mwalimu wa kike aliyeahidi kuwakuta hukohuko. Fomu ya ruhusa ya mzazi isainiwe na mzazi, si na kaka anayesoma kidato cha tatu. Fomu ya afya mganga aijaze akiwa anamwona mtoto. Watu wahesabiwe mabwenini usiku na alfajiri. Likizo ya Juni ndiyo hiyohiyo ya jando na unyago, kwa hiyo ulizia nyumbani mapema, la sivyo beki wako wa kushoto atatoroka kambi kwenda kumtoa mdogo wake, na kwa kweli utamlaumu kwa lipi?

Halafu ninyi wenyewe. Kanuni za mwenendo mnazisoma zinapomhusu mwanafunzi, mkifika kwenye aya ya viongozi wa timu mnafunua ukurasa. Refa ni mwalimu mwenzako wa Fizikia kutoka Nachingwea, amelala kwenye darasa la jirani na lako, mtakunywa naye uji kesho. Ukimtukana mbele ya watoto, watoto watamtukana keshokutwa na kadi watapewa wao. Na uraka, ile pombe ya mabibo, subirini mrudi makwenu. Kuna mwalimu alisinzia kwenye benchi la akiba, mtoto akabadilisha mchezaji mwenyewe. Walishinda, lakini tulimwandikia.

8. Pingamizi huandikwa, husainiwa na kiongozi wa timu, hupelekwa kwa kamati ndani ya muda uliotajwa kwenye kanuni, na ada yake kama ipo. Kupiga kelele getini si pingamizi, na kutuma sauti ya dakika saba kwenye kundi la walimu usiku si rufaa. Usiweke pingamizi kwa sababu umefungwa. Weka kwa sababu una karatasi mkononi. Na ukiwekewa wewe, peleka faili lote kama lilivyo, jibu ulichoulizwa, kaa kimya.

Uhakiki wa kanda zetu unaanza Jumatatu saa mbili. Njooni na vyeti halisi pamoja na nakala, vimepangwa kwa mfuatano wa orodha. Mwenye majina yanayopishana aje mapema, tuanze naye.