Koti Kuukuu, Mboni na Kidole Gumba

Mwalimu mmoja wa chekechea kutoka Jinja ameuliza mambo mawili: vikaragosi vya Jim Henson, Mmarekani aliyebuni wanasesere wa televisheni waitwao Muppets, vina siri gani, na yeye aanze na gundi ipi kutengeneza vyake. La gundi ni jepesi. La siri lina maelezo.

Kermit wa kwanza, yule chura wake mashuhuri, mwaka 1955 alishonwa kwa koti kuukuu la mama yake Henson, na macho yake yalikuwa mpira wa pingpong uliokatwa nusu. Wakati huo hakuwa hata chura. Henson mwenyewe alisomea sayansi kimu Chuo Kikuu cha Maryland, kwa hiyo kaka anayeona sindano ni ya dada zake akae nalo hilo kidogo. Makoti ya namna ile yamerundikana Owino, soko la mitumba la Kampala. Tafuta la flisi, ulivute kwa mikono miwili. Upande unaovutika uzunguke kichwa, usishuke toka utosini hadi kidevuni, la sivyo mashavu yatajaa mikunjo.

Sponji usinunue godoro zima. Mafundi makochi hubakiwa na vipande. Omba chenye unene wa sentimita moja hadi moja na nusu. Kata kwa wembe mpya bila kukandamiza, maana sponji iliyobanwa ikiachiliwa ukingo wake huwa umepinda na haukutani na mwenzake. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri kama dakika kumi mpaka isinate kidoleni, kisha unganisha kwa uangalifu, kwa sababu ikishashika haibanduki. Fanyia nje, harufu yake inalevya. Supaglu achana nayo. Hukauka ngumu kama mfupa, na sponji huchanika kando ya mshono.

Mboni ndizo zinazoharibu kazi ya watu wengi. Wanazibandika katikati ya jicho, halafu kikaragosi kinakodolea ukuta. Kata karatasi nyeusi, ishikishe kwa mate tu, tazama kwenye simu, sogeza kidogo kuelekea puani mpaka ujisikie umetazamwa. Hapo ndipo utie gundi.

Watu humsifu Henson kwa sauti na vichekesho. Sisi tunamsifu kwa kidole gumba. Anayeanza huinua vidole vinne vilivyo ndani ya mdomo wa juu wa kikaragosi, na kila neno kikaragosi kinatazama dari. Vidole vinne vitulie. Gumba ndilo linaloshuka. Weka kizibo cha soda juu ya vidole vyako, useme sentensi nzima: kikidondoka, rudia. Mdomo ufunguke silabi inapotoka, usifungwe kwa kishindo kana kwamba unayauma maneno. Kiswahili kinakubeba hapa, kwani silabi zake nyingi huishia na irabu. “Baba” ni mara mbili. Lakini “mtoto” pia ni mara mbili, maana ile m hutamkwa midomo imefumbwa. Wengi hufungua mara tatu, na mtoto wa miaka minne huhisi kuna kasoro ingawa hawezi kuitaja.

Jambo lingine alilotuachia ni kulitupa jukwaa la mbao na pazia. Fremu ya televisheni ndiyo ilikuwa jukwaa, na wachezaji walijitazama kwenye skrini huku wakicheza. Wewe una simu. Isimamishe kwenye kimo cha uso wa kikaragosi, wewe uketi chini. Kamera ya selfi huonyesha kama kioo, hivyo kushoto ni kushoto. Skrini za studio hazikuwa hivyo, ukisogea kulia picha inakwenda upande wa pili. Jizoeze zote mbili.

Mikono ya kikaragosi iendeshe kwa spoku za baiskeli, ncha zikunjwe na kufungwa tepu zisitoboe kitambaa. Mkono wako ukichoka, kichwa huzama polepole bila wewe kujua, kisha macho yanaangalia juu. Mwanzoni rekodi dakika mbili, shusha mkono, pumzika, ndipo uendelee.